Kozi ya Kroshia ya Hatua Tatu: Uzoefu Wangu na Jibu Moja Lililoniudhi

Naandika haya nikiwa bado na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Miezi kadhaa iliyopita nililipia kozi ya kufuma kwa kroshia, yaani sindano moja yenye ndoano nchani, inayofundishwa kwa video kupitia intaneti, yenye hatua tatu: kazi ndogondogo za kuanzia, vitu vya kuwafumia wahitaji, na ubunifu wa mavazi. Anayetaka kujua idadi ya video au muda wa uanachama atayakuta hayo kwenye tangazo lao. Mimi nataka kueleza jibu moja nililopewa katika hatua ya pili, jibu fupi kabisa, ambalo limeyatia doa hata mazuri niliyoyapata kabla yake.

Lakini niwape kwanza haki yao. Hatua ya kwanza ilikuwa bora kuliko mafundisho yote ya kufuma niliyowahi kuyapata. Mwalimu hakutuanzisha na skafu, ambayo ndiyo kazi wanayopewa wanagenzi wengi, nayo huwachosha kabla hawajafika nusu yake. Alituanzisha na kitambaa kidogo cha kuwekea glasi, kisha ua, kisha kifuko cha sarafu, kisha mraba wa rangi tatu, yaani kazi ambazo mtu anaweza kuzianza na kuzimaliza kabla hajainuka kitini. Furaha ya kumaliza kitu, hata kiwe kidogo cha kuenea kiganjani, ndiyo inayomrudisha mwanagenzi kwenye uzi wake siku ya pili, na mwalimu yule alilijua hilo vizuri.

Alitufundisha pia sababu ya kila jambo. Duara la mishono mifupi huanza na mishono 6 ndani ya kitanzi cha kukaza, mzunguko wa pili ukawa na 12, wa tatu 18, na kila mzunguko unaofuata ukaongezwa 6. Ukiongeza pungufu ya hapo, ukingo hujikunja na kitambaa kikawa kama bakuli; ukizidisha, ukingo hujaa mawimbi. Akatueleza kwamba ni mawimbi ya namna hiyo ambayo mwanahisabati Daina Taimina, wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, aliyafuma mwaka 1997 ili wanafunzi waushike kwa mikono yao uso wa jiometri ya haipaboli, yaani uso unaozidi kutanuka na kujikunja mawimbi kadiri unavyokwenda mbali na kitovu chake, jambo ambalo karatasi ililishindwa kwa kuwa huraruka upesi. Sikuwahi kufikiri kwamba kroshia na donge la uzi vingeweza kuingia darasa la hisabati kwa heshima kiasi hicho, na nakiri kwamba jioni ile nilifuma mawimbi hadi uzi ukaniishia. Halafu akasema: ukiacha kabisa kuongeza mishono, ukuta unasimama, na hapo ndipo zinapozaliwa kofia, vifuko na mwili wa pweza.

Pweza huyo ndiye chanzo cha maneno yangu yote.

Kwa wasioufahamu, mpango wa kuwafumia watoto njiti pweza wadogo ulianzia Denmark mwaka 2013, kisha ukaenea katika nchi nyingine nyingi. Wazo lake ni kwamba minyiri ya pweza humkumbusha mtoto kamba ya kitovu aliyokuwa akiigusa tumboni mwa mama yake, naye akiikamata hutulia na kuacha kuvuta mirija aliyounganishwa nayo. Kwa kuwa kitu hicho huingia ndani ya kiatamizi, yaani kisanduku cha hospitali cha kumtunzia mtoto njiti joto, na kulala ubavuni mwa kiumbe asiyeweza hata kugeuza kichwa, wenye mpango huo waliuwekea masharti: uzi uwe wa pamba asilimia 100, kazi iweze kufuliwa kwa maji ya nyuzijoto 60, mishono ikazwe ili ujazo usichungulie nje, macho yatariziwe kwa uzi badala ya kushonewa vifungo, na minyiri isizidi sentimita 22 ikinyooshwa, kwa sababu mnyiri mrefu unaweza kumzunguka mtoto vidole au shingo. Hakuna sharti hata moja kati ya hayo lililowekwa kwa ajili ya urembo.

Maelekezo ya kozi hayakuwa na hata moja. Yalisema tutumie masalio yoyote ya uzi tuliyo nayo, tujaze ndani vitambaa vilivyokatwakatwa, tushone vifungo mahali pa macho, na minyiri iwe mirefu ya kupendeza. Nilidhani kuna ukurasa uliosahaulika. Kwa hiyo katika kipindi cha maswali, ambacho mwalimu hukiendesha moja kwa moja kwa video huku wanafunzi wote wakimwona na kumsikia, nikauliza kwa adabu zote: “Samahani, mwalimu, je, minyiri hii haina kipimo? Na uzi wenye sufu, tuutumie kwa mtoto njiti au tuuache?”

Akanijibu: “Mpendwa, hivi ni vya msaada tu. Wanaopewa hawachagui. Usijipe kazi.” Kisha akaita swali la mwenzangu.

Nimeyasikia maneno hayo upya kila niliposhika kroshia tangu siku ile. Kama angesema kwamba hajui, ningemheshimu zaidi na pengine ningemsaidia kutafuta. Kama angesema kwamba atalichunguza jambo hilo na kutuletea jibu, nisingekuwa na la kuandika hapa. Lakini alisema, mbele ya darasa zima, kwamba ubora wa kazi ya mkono hupimwa kwa mfuko wa anayeipokea, na kwamba mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati wake, ambaye hana mfuko wala sauti, anastahili chochote kilichobaki chini ya kikapu. Wanafunzi wengine waliokuwapo walikwenda kufuma pweza wao kwa maelekezo yale yale. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, kuliko hata kule kukatizwa kwangu.

Baada ya hapo niliirudia hatua ya pili yote kwa jicho jingine, na kila nilipotazama niliona mkono ule ule mwepesi. Kofia za wagonjwa waliopoteza nywele kwa dawa za saratani zilifundishwa kwa uzi wowote ule, ilhali kichwa kilichopukutika nywele kina ngozi nyororo inayowashwa upesi na sufu, na inayochubuliwa na mshono mnene wa kuunganishia ukipita juu ya sikio. Blanketi la mtoto mchanga lilifumwa kwa mishono mirefu yenye matundu ambayo kidole cha mtoto kinapenya na kunasa. Kuhusu kufua, ambalo ndilo swali la kwanza la muuguzi yeyote, hakuna aliyesema neno. Inawezekana hasira yangu ilinifanya nione mabaya zaidi ya yaliyokuwapo, kwa maana soksi za wazee alizifundisha kwa uangalifu wa kutosha na kisigino chake kilikaa sawasawa. Hata hivyo, kisigino kizuri hakifuti vifungo vya plastiki karibu na mdomo wa mtoto.

Na wala historia ya kroshia haimuungi mkono. Katika njaa kuu iliyoikumba Ireland kuanzia mwaka 1845, lasi ya kroshia ilikuwa njia mojawapo iliyoziokoa familia maskini. Masista waliwafundisha wanawake na wasichana kufuma maua, majani na nyavu nyembamba za kuyaunganisha, na kazi hizo zikanunuliwa na matajiri waliokuwa na uwezo wa kuagiza lasi popote walipotaka. Ule ulikuwa msaada, na ndani yake hapakuwa na mshono uliolegezwa kwa kisingizio cha msaada. Kama ungelegezwa, lasi isingeuzwa na watu wangeendelea kulala na njaa.

Nilikusudia kuishia hapo, nitoe nyota moja na nisiifungue kabisa hatua ya tatu. Nikaifungua, kwa sababu ada nilikwisha kuilipa, na kwa sababu ubunifu wa mavazi ndio ulionivuta kwenye kozi hii tangu mwanzo. Hapo ndipo mambo yaliponichanganya.

Hatua ya tatu ni nzuri mno. Sijui niiseme kwa namna gani nyingine. Mwalimu yule yule anaeleza namna gauni la pamba linavyovutwa na uzito wake lenyewe, hata pindo lililokuwa gotini asubuhi likashuka kufikia jioni. Anaeleza kwa nini kipande cha majaribio cha sentimita 10 kwa 10 hakitoshi kupimwa kikiwa kimetoka tu kwenye kroshia, bali kifuliwe, kikaushwe, kitundikwe kwa uzito kidogo, ndipo mishono yake ihesabiwe. Anaonyesha kwamba kuhama kutoka kroshia ya milimita 4 hadi ya milimita 5 kwa uzi ule ule kunaweza kukigeuza kitambaa kigumu kikawa laini chenye kumwagika mwilini. Anatuhimiza tuangalie namba ya rangi kwenye karatasi ya kila donge, kwa kuwa madonge mawili yanayofanana dukani huenda yalitiwa rangi siku mbili tofauti, na mstari wa tofauti hiyo ukajitokeza katikati ya kifua wakati blauzi imekwisha. Somo la kuanzia mabegani na kushuka chini, ili mvaaji aijaribu nguo ikiwa bado inafumwa na urefu wake uamuliwe mwilini mwake, limebadilisha kabisa namna ninavyofuma. Nina blauzi niliyoimaliza kwa somo hilo, na ndiyo nguo ya kwanza niliyojifumia inayonikaa makwapani bila kujikunja. Siku niliyoivaa niliamini kwamba ningetoa nyota nne, na kwamba pengine nilikuwa nimemhukumu mtu kwa neno moja alilolitamka akiwa amechoka.

Kisha nikafika kwenye somo la kuwafumia wateja. Anasema humo kwamba viwanda huiga tu sura ya kroshia kwa mashine za kufuma za aina nyingine, kwamba nguo ya kroshia halisi unayoiona dukani imepita mikononi mwa mtu, mshono kwa mshono, na kwamba kwa sababu hiyo kila mshono ni ahadi ya mfumaji kwa mvaaji. Anasema nguo ya mteja ikiwa na kosa kwenye mstari wa tano na umekwisha kufika wa thelathini, ifumue. Anasema hayo kwa sauti thabiti, kroshia mkononi, na ninaamini kwamba anayaamini.

Hasira yangu ilirudi ikiwa imekua. Kumbe anajua. Anajua vipimo, anajua uzi upi unawasha na upi hauwashi, anajua kazi ya kuonea huruma na kazi ya kufumua. Kwa mwenye kulipa anadai tufumue mistari ishirini na mitano, na kwa mtoto aliye ndani ya kiatamizi ananiambia nisijipe kazi. Nilipodhani kwamba hajui, nilikuwa tayari kumsamehe. Sasa ni vigumu zaidi, na hata blauzi yangu ninaipenda kwa shingo upande.

Niliwaandikia wahudumu wa kozi nikawaeleza yote haya bila tusi wala kejeli. Nikaambiwa kwamba maoni yangu yamepokelewa. Mpaka ninapoandika haya, maelekezo ya pweza yapo pale pale, na vifungo vyake viwili vya macho.

Kwa hiyo anayetaka ushauri wangu, nitamwambia kama ninavyohisi leo, na kesho huenda nikahisi tofauti. Kwa anayeanza, sijaona mahali pengine panapofundisha duara, mraba na kuhesabu mishono kwa uwazi wa hatua ya kwanza, na ningemshauri ailipie bila wasiwasi. Kwa anayetaka kubuni nguo, hatua ya tatu inastahili ada yake yote, na nalisema hilo kwa uchungu. Lakini mtu yeyote asiifuate hatua ya pili. Kabla ya kumfumia mtoto njiti chochote, awaulize wauguzi wa wodi inayohusika: wanakubali vitu gani, uzi wa aina gani, vipimo gani, na watavifua vipi. Wodi nyingine hazipokei pweza kabisa, na hiyo ni haki yao. Kofia ya mgonjwa iulizwe vivyo hivyo, na ifumwe kwa uzi ambao mfumaji mwenyewe ameuweka shingoni mwake kwa muda akaona hauwashi.

Nimeyaandika upya maelekezo ya pweza, yakiwa na pamba, kufua, macho ya kutarizi na sentimita 22, nikawatumia wahudumu wayatumie bila hata kutaja jina langu. Nimetoa nyota mbili. Wakiyaweka hayo mahali pa yale ya zamani na kuwajulisha wote waliokwisha kufuma, nitarudi hapa niongeze mbili nyingine siku hiyohiyo. Wasipofanya hivyo kabla uanachama wangu haujafika mwisho, nitapunguza hata hizi, ingawa blauzi nitaendelea kuivaa.