Makochi na viti vya mbao vya miaka ya 1950 na 1960: ukinunua mtumba Mbeya au Iringa, anza na kipi

Nyumba nyingi za Nyanda za Juu Kusini zimebadilisha makochi zaidi ya mara moja tangu Uhuru. Yale ya kwanza, yenye fremu ya mbao iliyo wazi, mito miwili ya kutoa na miguu iliyotanuka kidogo kwenda nje, yameishia stoo, au yako barazani yanapigwa na mvua. Sebuleni yameingia masofa makubwa yaliyofunikwa kitambaa kila upande, ambayo ukiyachana unakutana na paini, stepo na sponji. Makochi yale ya stoo ndiyo fanicha bora ya mtumba unayoweza kuipata huku kwetu kwa sasa. Inaniuma kuona yanageuka kuni, na ndiyo maana naandika.

Mtindo wenyewe ulishika kasi duniani baada ya Vita Kuu ya Pili. Denmaki walikuwepo wabunifu Hans Wegner, Finn Juhl na Arne Jacobsen. Marekani Charles na Ray Eames. Uingereza Robin Day. Walichokubaliana wote ni kuondoa nakshi na unene usio na kazi. Fremu ikawa nyembamba, mguu ukachongwa kupungua kuelekea chini, egemeo likalazwa nyuma kidogo, na kiungo kikaachwa kionekane. Wegner alianza useremala akiwa kijana mdogo kabla ya kuwa mbunifu, na kiti chake cha duara cha mwaka 1949 ndicho walichokalia Kennedy na Nixon kwenye mdahalo wao wa televisheni mwaka 1960. Hakina urembo wowote. Mikono na egemeo vimeungana kuwa mstari mmoja unaozunguka mgongo wako, na ustadi wote uko pale mbao zinapokutana.

Kumbuka hilo unapokagua kiti chochote, kiwe cha Copenhagen au cha seremala wa Makambako. Nitavipanga kwa namna ambavyo mimi ningetumia pesa yangu.

Nafasi ya kwanza: kochi la mbao ngumu lililotengenezwa nchini

Hapa nazungumzia kochi la mtu mmoja, mikono ya mbao, mito ya kutoa, lililochongwa na seremala wetu kwa mninga, mkongo au mvule. Halina jina la mbunifu na wala usilitafute. Linashinda kwa sababu mbao yake leo ni ghali na adimu, na kwa sababu kila sehemu inafunguka na kutengenezeka na fundi yeyote mwenye patasi na gundi.

Likague hivi. Toa mito, ligeuze miguu juu, mwombe muuzaji akusogezee kwenye mwanga. Juu kuna vanishi ya miaka mingi na unaweza kudanganywa. Chini ya kiti hakuna aliyehangaika kupaka. Mninga utauona una kahawia yenye wekundu na michirizi myeusi au ya dhahabu, na ukilinyanyua kochi unashangaa kwamba si zito sana. Mkongo ni mzito zaidi, na kwenye vinyweleo vyake mara nyingi kuna unga wa njano uliokauka. Mvule una rangi ya dhahabu inayokolea kuwa kahawia kadiri miaka inavyokwenda. Paini haijifichi kwa anayetazama: vifundo, mistari mipana, na ukibonyeza kwa ukucha inabonyea. Wilaya ya Mufindi ina msitu mkubwa wa kupandwa wa Sao Hill, kwa hiyo paini imejaa kila karakana ya mkoa, na nyingine hupakwa rangi ya mninga vizuri sana. Hakuna ubaya kununua paini. Ubaya ni kuilipia bei ya mninga.

Baada ya mbao, tazama viungo. Ulimi wa mbao unapaswa kuwa umeingia ndani ya tundu la mguu, ukabana bila mwanya. Shika mkono mmoja wa kochi, usukume mbele na nyuma. Kutikisika kidogo hakunitishi hata kidogo, gundi ya zamani imechoka tu, na hiyo ni kazi ya siku moja kwa fundi. Kinachonitisha ni misumari. Mtu akishapigilia misumari kwenye kiungo kilicholegea, ulimi umepasuka ndani na huwezi kuufungua bila kuuvunja. Kochi lenye misumari kwenye viungo vyote vinne vya mbele liache, hata kama ni mninga mtupu.

Skrubu nazo zinaeleza mengi. Zenye mfereji mmoja kichwani, za bisibisi bapa, zinaendana na kazi ya zamani. Zikiwa za nyota, ama kochi si la zamani kama unavyoambiwa, ama limeshafunguliwa na fundi. Uliza ni lipi kati ya hayo mawili.

Halafu wadudu. Piga fremu kwa kiganja juu ya karatasi nyeupe. Matundu ya zamani, meusi ndani, hayana neno. Ukiona unga mwepesi wa rangi ya mbao umedondoka kwenye karatasi, wadudu wako kazini. Mara nyingi wanaanza kwenye ile sehemu nyeupe ya nje ya gogo ambayo fundi mvivu aliiacha, kwa hiyo chunguza kona za ndani ambako weupe ulifichwa.

Mito usiijali. Sponji iliyokufa, kitambaa kilichochanika, springi zilizotoka, mikanda ya mpira iliyokatika: vyote hivyo vinabadilishwa, na vinakupa sababu ya kushusha bei. Nimeona watu wanakataa fremu nzuri ya mkongo kwa sababu ya kitambaa, kisha wananunua fremu mbovu kwa sababu kitambaa kinang'aa.

Wapi yapo? Wa kwanza kumuuliza ni fundi makochi. Yeye ndiye anayeletewa vitu vya zamani kuvalishwa upya, na anajua nani aliacha chake akashindwa kurudi kukichukua. Kisha nyumba za wastaafu wanaohama au wanaogawa mali, nyumba za zamani kwenye mashamba ya chai ya Mufindi na Rungwe, na zile za misheni. Mbeya ningezunguka pia Uyole, ambako nchi za Nordiki zilisaidia kujenga kituo cha kilimo miaka ya 1970. Mitaa yenye nyumba za kipindi kile ndiyo yenye fanicha za kipindi kile. Nenda kwa adabu. Ukimkuta mzee, shikamoo kwanza, kaa, zungumza, usianze na bei ya kiti alichokalia. Mara nyingi kochi lina historia ya familia, na mama mwenye nyumba ndiye mwenye neno la mwisho.

Nafasi ya pili: viti vya ofisini na vya kulia chakula

Hivi ni vile vya mbao ngumu, egemeo limepinda kidogo, wakati mwingine na kalio (sehemu ya kukalia) la plaiwudi au la kusukwa. Kwa matumizi ya kila siku vinaweza kuzidi makochi, kwa kuwa vinaingia chumba chochote. Ukaguzi ni uleule, ila ongeza kukikalia dakika kumi huku mgongo ukiegemea. Vingi vilitengenezwa kwa mtu anayeandika mezani na vinakusukuma mbele. Vipate vinne vinavyofanana ikiwezekana, kwa maana kutafuta pacha wa kiti kimoja baadaye ni kazi isiyoisha.

Angalizo kubwa liko hapa. Ukigeuza kiti ukakuta namba na herufi zilizopakwa kwa rangi, hiyo ni alama ya mali ya ofisi ya umma, shule au taasisi. Vitu chakavu vya serikali huuzwa kwa mnada wa hadhara, na aliyenunua hupewa stakabadhi. Muuzaji akikuonyesha stakabadhi, nunua kwa amani na wala usifute namba ile, maana ndiyo ushahidi wa umri wa kiti. Asipokuwa nayo, ondoka. Matangazo ya minada hubandikwa kwenye mbao za matangazo za halmashauri na magazetini, na kuhudhuria mwenyewe ni bora kuliko kununua kwa dalali aliyebeba lundo zima.

Nafasi ya tatu: vya bomba, plaiwudi na plastiki

Mwaka 1952 Jacobsen alitoa kiti cha plaiwudi iliyokunjwa, egemeo na kalio vikiwa kipande kimoja, na mwaka 1955 akakifuatisha na kingine chenye kiuno chembamba ambacho kimenakiliwa duniani kote. Hata kile cha picha maarufu ya mwanamitindo Christine Keeler, iliyopigwa London mwaka 1963, kilikuwa nakala. Kina tundu la mkono kwenye egemeo ambalo cha Jacobsen hakina. Mwaka huohuo wa 1963 Robin Day alitoa kiti cha plastiki juu ya miguu ya bomba kwa ajili ya kampuni ya Hille, cha bei nafuu na cha kupangwa kimoja juu ya kingine, na umbo lake likaenea kwenye kumbi na madarasa ya nchi nyingi.

Kwa hiyo ukikuta kiti cha ukumbi chenye umbo hilo, geuza usome chini. Jina la kiwanda huwa limechapwa kwenye plastiki yenyewe au kugongwa kwenye chuma. Kisipokuwa na jina, kichukue kama kiti kizuri cha kawaida na ulipe hivyohivyo. Kwenye plaiwudi, pitisha kidole ukingoni: matabaka yakianza kuachana karibu na skrubu, hakifai. Bomba lililopinda hunyooshwa, ila lililoliwa na kutu pale lilipochomelewa halina maisha.

Nafasi ya nne: vinavyoshushwa na makontena Dar

Vipo vya Ulaya vya kweli, na vipo vizuri. Naviweka chini kwa sababu mbili. Kwanza unalipia safari ya meli, faida ya dalali wa Dar na nauli ya kuleta huku, kabla hujafikia thamani ya kiti. Pili ni hali ya hewa. Vingi ni vya mbao za kwao zinazopendwa na wadudu, na vimekaa kwenye ghala lenye unyevu wa pwani. Vikifika Iringa au Njombe kwenye miezi mikavu ya baridi, mbao husinyaa na viungo vilivyokuwa vimebana vinaanza kulia. Ukivinunua, panga kabisa gharama ya kuvifungua na kuvigundisha upya.

Nafasi ya mwisho: vipya vya "mtindo wa zamani"

Ukiona picha nzuri mtandaoni na bei inakuvutia, muulize fundi swali moja: ulimi na tundu, au skrubu? Mguu mwembamba ulioshikiliwa na skrubu moja ya juu hauvumilii. Kama fundi ni wa kweli na mbao ni kavu, kochi jipya laweza kupanda hadi nafasi ya pili. Ila hao ni wachache na wana foleni.

Kuhusu bei, sitakuwekea namba kwa kuwa inabadilika kwa mtaa na kwa shida ya muuzaji. Njia yangu ni hii: pata kwanza bei ya seremala kwa kochi jipya la mbao ileile na ukubwa uleule. La zamani linalohitaji mito na gundi lisivuke nusu ya hiyo. Lililo tayari kukaliwa, theluthi mbili.

Ukishanunua, usikimbilie msasa wa mashine. Mwambie fundi afungue viungo taratibu, akwangue gundi ya zamani yote, abane kwa kamba au klampu usiku kucha, na asiguse msumari. Gundi nyingi za zamani zilitokana na ngozi na mifupa ya wanyama na hulainika kwa maji ya moto, kwa hiyo hakuna haja ya nyundo. Vanishi ikwanguliwe kwa mkono, kisha mafuta ya kitani, tabaka jembamba, likauke kabla ya jingine. Na kama unasafirisha kwa kirikuu kutoka Tukuyu au Mafinga, makochi yalale kifudifudi juu ya mito yake, kamba ipite kwenye fremu ya kalio. Ikipita kwenye mikono, ndiyo inayovunjika kwanza.