Mtoto anakwama kusoma na unamfundishia nyumbani: programu gani ununue

Wazazi wenzangu mlioko Marekani mnaosomesha watoto nyumbani, hii ni ya yule ambaye mtoto wake ana miaka saba, nane, tisa na kusoma Kiingereza bado kunamshinda, akiona neno anakisia tu, na ukurasa mmoja mnaumaliza machozi yakimlenga. Nitazitaja programu za kufundishia kusoma, yaani vitabu na vifaa vyake, kwa majina na kwa mpangilio ninaouamini, bei nazisema kwa makadirio tu maana zinapanda kila mara, kwahiyo angalia ya siku hiyo kabla hujalipa.

Ila usitoe kadi ya benki bado. Kwanza macho na masikio yapimwe, maana mtoto asiyesikia vizuri hatatofautisha sauti hata umnunulie programu ya bei gani. Alafu ujue anakwamia wapi hasa, na hilo unaweza kulijua ukiwa umekaa naye sebuleni bila kununua chochote. Mwambie aseme "cat" bila ile sauti ya mwanzo, akikwambia "at" sawa. Mtamkie s, u, n moja moja polepole akwambie ni neno gani. Akishindwa hapo ujue shida haiko kwenye herufi, iko kwenye kuzisikia sauti zilizomo ndani ya neno, na mtoto wa hivyo ukimpa kitabu cha hadithi unamuonea bure. Akiweza, muandikie maneno yasiyo na maana yoyote, mip, vab, zut. Hayo hajayaona popote kwahiyo hawezi kuwa ameyakariri, na utashangaa kuna watoto wanasoma "because" na "house" bila shida ila "mip" inawagomea kabisa, yaani miaka yote walikuwa wanakariri sura za maneno, na darasa la tatu maneno yakishakuwa mengi na marefu kichwa kinajaa.

Na sisi tunaoongea Kiswahili nyumbani tuna kipimo cha ziada. Kama mtoto anakiongea na umeshamuonyesha silabi, muandikie meza, kitabu, tunakula. Kiswahili a ni a popote utakapoikuta, hakuna mitego, kwahiyo mtoto anayeteleza kwenye Kiswahili na kukwama kwenye Kiingereza kuunganisha sauti anajua, kinachomchanganya ni tahajia ya Kiingereza yenyewe. Akikwama kote kote, au akawa anapatia lakini polepole mno na kwa jasho, hata baada ya kufundishwa vizuri kwa muda, hapo anza kufikiria disleksia, yaani ugumu wa kusoma usiotokana na uvivu wala kukosa akili. Unayo haki ya kuandika barua kwa distrikti ya shule za umma unapoishi kuomba afanyiwe tathmini bila malipo, hata kama hasomi kwao. Andika, usipige simu tu, barua inabaki kwenye rekodi. Wengi hawaliombi hili na ni kitu ambacho kwa wataalamu binafsi kinakula hela nyingi sana.

Sasa kipimo cha programu yenyewe. Mwaka 2000 jopo la kitaifa la Marekani kuhusu usomaji lilipitia tafiti nyingi na moja ya mambo lililoyakuta ni kwamba kufundisha sauti na herufi zake kwa mpangilio, hatua kwa hatua, kunawasaidia watoto kuliko kuwaachia wajigundulie. Ndo maana ukishika kitabu cha kwanza cha programu yoyote fungua katikati. Kama sentensi inasema "The horse is in the barn" na mtoto hajafundishwa "or" wala "ar" ila picha ya farasi imejaa ukurasa mzima, hicho kitabu kinamfundisha kuangalia picha. Atasema "pony" na atasonga mbele akijua amesoma. Kitabu kinachomfaa mtoto anayekwama maneno yake karibu yote yameundwa na sauti alizokwisha kufundishwa, hata kama hadithi yenyewe imekaa kitoto.

Na kuna jambo la kwetu ambalo mwongozo wa Kizungu hautakuambia. Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza sauti zote zinafika kama 44, na sauti za irabu ni nyingi kuliko zile herufi tano za irabu. Wengi wetu tukitamka cat na cut zinatoka sawa, ship na sheep vivyo hivyo, na mwisho wa neno tunaweka kairabu, "bed" inakuwa "bedi". Mzazi akimwambia mtoto b ni "bu" au "bii", mtoto akiunganisha b, e, d anapata "bu-e-du" na hajui ni neno gani. Hii siyo aibu, lafudhi yako ni yako na mtoto hatadhurika kuisikia, ila ina maana programu unayonunua lazima iwe na sauti zilizorekodiwa au video ambazo wewe na mtoto mnazisikiliza pamoja. Kwangu hiki ni kigezo kikubwa kuliko bei, na ndicho kimepanga orodha hii.

Namba moja kwa familia nyingi naweka All About Reading. Imejengwa juu ya njia ya Orton-Gillingham, ile iliyoanzia kwa daktari Samuel Orton na mwalimu Anna Gillingham miaka ya 1930 kwa ajili ya watoto wenye shida ya kusoma. Ina ngazi ya maandalizi alafu ya 1 mpaka ya 4. Ninachoipendea ni kwamba kitabu cha mwalimu kinakwambia sema hivi, weka kigae hiki, sasa mtoto afanye hivi, kwahiyo hata ukiwa umetoka shifti ya usiku unaweza kufundisha. Kuna vigae vya herufi vyenye sumaku, konsonanti za bluu na irabu nyekundu, unapanga s, a, t ubaoni, mtoto anagusa kimoja kimoja akitamka sauti yake, anarudi mwanzo anapitisha kidole chini ya vyote akiziunganisha, sa... sat. Ukibadilisha kigae kimoja tu inakuwa sit, na hapo ndo unamuona mtoto anaelewa kwamba neno linajengwa. Wana aplikesheni ya bure ya sauti za herufi, hilo ndilo linatubeba sisi. Ngazi moja itakutoka dola mia na zaidi, ikikaribia mia mbili ukichukua na vifaa vyote. Kitabu cha mwalimu na vya hadithi unavitumia kwa watoto wote, kijitabu cha kazi tu ndo kila mtoto na chake. Udhaifu wake ni kwamba inaenda taratibu, na tahajia inauzwa kama programu nyingine kabisa, All About Spelling.

Kama bajeti imebana usiende namba moja, nenda UFLI Foundations na usijisikie umemnyima mtoto kitu. Imetoka Chuo Kikuu cha Florida, kitabu kimoja kikubwa chenye masomo 128, chini ya dola 100, na vitu vingine vyote, slaidi, karatasi za mazoezi ya nyumbani, vifungu vya kusoma, ubao wa kuunganisha sauti, viko bure kwenye tovuti yao. Kila somo lina hatua nane zilezile, mtoto akishazizoea hakuna kubishana tena kuhusu nini kinafuata. Kuandika kumo humohumo, siyo kusoma peke yake. Shida ni kwamba iliandikwa kwa ajili ya mwalimu mwenye darasa, kwahiyo inabidi ukae siku moja usome mwanzo wa kitabu kwa makini kabla ya kuanza, na ukishindwa hapo utakiacha kabatini. Dada mmoja rafiki yangu, Mkongo, anafundishia watoto wake watatu kwa kitabu hicho kimoja kila mtu na somo lake, anaprinti maktaba.

Namba tatu ni Barton, ila ikiwa mtoto ameshathibitishwa disleksia au vile vipimo vya sauti vimemshinda vyote, basi kwako ipandishe iwe ya kwanza. Ina ngazi kumi na kila moja ni kama dola 300, kwahiyo ni mzigo kweli. Ila hununui zote siku moja, unanunua ngazi, unaimaliza, unaiuza ukiwa umeitunza na unapata sehemu kubwa ya hela yako maana zinatafutwa sana, alafu unaongezea ya pili. Ngazi ya kwanza ni kazi ya sauti tu. Video zinamfundisha mzazi kwanza, huhitaji kozi. Na sikilizeni hili, Barton wana jaribio la bure la mtoto na jaribio lingine la mkufunzi, yaani wewe, kuona kama masikio yako yanazitofautisha sauti za Kiingereza. Lifanye kabla ya kununua. Kama hulipiti, mtafute anayelipita, labda binti yako mkubwa aliyekulia huku au shangazi yake, amfundishe yeye mara mbili kwa wiki, na wewe ubaki na mazoezi na kumsomea hadithi.

Logic of English naiweka ya nne. Ni nzuri kwa yule mtoto wa "kwanini", anayetaka kujua mbona c hapa inasema s na pale inasema k, kila kitu kina kanuni na kanuni inasemwa wazi. Foundations ni ya wadogo, Essentials ni ya waliofika miaka saba na kuendelea. Ila mzazi mwenyewe anakutana na kanuni ambazo hajawahi kuzisikia maisha yake yote, na kwa mtoto aliyekwishachoka inaweza kuwa nyingi kwa mkupuo.

Kile kitabu cha Teach Your Child to Read in 100 Easy Lessons, kimekuwepo tangu 1983, kila mtu atakushauri uanze nacho kwa sababu ni dola ishirini na kitu na kipo mpaka maktaba. Kwa mtoto ambaye hakufundishwa vizuri tu, kinafanya kazi vizuri na haraka. Kina maandishi yake maalum, irabu ndefu zina mstari juu, herufi zisizotamkwa zimeandikwa ndogo, alafu baadaye kinabadilika kwenda maandishi ya kawaida, na mtoto mwenye disleksia mara nyingi anakwama kwenye badiliko hilohilo. Hakina vigae, hakina video, sauti zote zinategemea mdomo wako. Kwahiyo kwetu nakiweka cha tano, labda kama Kiingereza umekikulia.

Vilivyobaki havisimami peke yake. Explode the Code ni madaftari ya mazoezi, bei ndogo, mazuri kukazia ulichokwisha kufundisha. Bob Books ni vijitabu vya kusoma, vile vya kwanza kabisa mtoto anamaliza kitabu kizima siku hiyohiyo na anatembea nacho nyumba nzima. Reading Eggs na aplikesheni zingine za michezo ziwe nyongeza ya dakika kumi, zisikae kwenye kiti cha mwalimu, maana mtoto anajifunza kubonyeza jibu bila kusoma na aplikesheni inampigia makofi.

Ukishachagua, nunua ngazi kwa jaribio la kumpanga mtoto, siyo kwa darasa. All About Reading wana majaribio hayo bure mtandaoni. Mtoto wa miaka tisa kuanzia ngazi ya 1 siyo kumrudisha nyuma, na akikuuliza mwambie ukweli kwamba kuna kipande alirukishwa na sasa mnakifuata. Dakika ishirini kila siku, siku tano, zinatosha kwa programu nyingi hizi. Na wakati huo usimnyime hadithi kwa sababu hajaweza kuzisoma. Msomee wewe, msikilizishe vitabu vya sauti vya bure kwa kadi ya maktaba kwenye aplikesheni ya Libby, na msimulie kwa Kiswahili, sungura na fisi wote, maana kuelewa lugha ni nusu ya kusoma na nusu hiyo haisubiri foniksi, yaani hayo masomo ya sauti na herufi zake.

Kwenye vitu vya mitumba, Facebook Marketplace na eBay vinapatikana kwa nusu bei, na vikundi vya wanaosomesha nyumbani huwa vinafanya mauzo mwaka wa masomo ukiisha. Muombe muuzaji apige picha vigae vyote vimepangwa na kadi zimehesabiwa, hakikisha kitabu cha mwalimu na kijitabu cha mwanafunzi ni toleo moja, na kijitabu kilichokwishaandikwa usikihesabu kwenye bei. Na kama jimbo lako linataka maandishi, mfano New York wanataka mpango wa mwaka na ripoti kila robo mwaka wakati Texas hawakuulizi, tunza risiti na karatasi za mtoto kuanzia siku ya kwanza. Programu yoyote uliyoanza ipe muhula mzima kabla ya kuibadilisha, na kila mwezi rudia yale maneno ya mip na zut kwa maneno mapya, andika tarehe na idadi aliyopatia. Namba zikiwa zinapanda hata kidogo kidogo baki hapohapo, zikisimama miezi mitatu na mmekuwa mkifundisha kila siku, ndo unapeleka ile barua ya tathmini kama ulikuwa hujaipeleka.