Tathmini ya mita ya manjano ya shilingi 12,000, baada ya miaka 3 ya sola, betri na pampu

Mafundi wa redio wote wa Kariakoo wanaifahamu mita hii ya kupimia umeme (multimita). Inaenea kiganjani, gamba lake ni la plastiki ya manjano au nyeusi, ina swichi ya duara katikati na matundu 3 upande wa chini, na usoni imeandikwa DT-830 pamoja na herufi inayobadilika kutoka kiwanda kimoja hadi kingine, kwa kuwa viwanda vingi hutengeneza umbo hilohilo. Yangu niliinunua kwa shilingi 12,000, ikiwa na nyaya 2 za kupimia, nyekundu na nyeusi, na betri ya volti 9 ndani yake. Mimi si mhandisi. Nina shamba dogo upande wa Bagamoyo, paneli ya sola, betri ya ampea-saa 100, taa kadhaa na pampu ya volti 12 inayopandisha maji kwenye pipa, na kwa miaka 3 mita hii ndiyo iliyojibu karibu maswali yote niliyokuwa nayo kuhusu mtambo huo. Kwa kazi za umeme wa betri na sola naisifu bila kusita. Kwa umeme wa ukutani naikataa, na sababu zake nitazieleza.

Swali lililonifanya niinunue lilikuwa la pampu. Ilipofungwa karibu na betri ilivuta maji vizuri, lakini nilipoihamishia kisimani, mita 10 kutoka kwenye betri, ilianza kukoroma na maji yakawa yanatoka kwa unyonge. Aliyeniuzia pampu alisema betri imekufa; jirani alisema pampu ndiyo mbovu. Nilipima volti kwenye vichwa vya betri wakati pampu inafanya kazi, nikapata 12.4. Nikaenda kisimani, nikapima kwenye nyaya za pampu yenyewe, nikapata 10.3. Volti 2.1 zilikuwa zimepotelea njiani, kwa hiyo ugomvi wa betri na pampu uliisha hapohapo, na swali lililobaki likawa la nyaya.

Mtu angedhani hatua inayofuata ni kuigeuza swichi kwenye omu na kupima ukinzani wa waya, yaani jinsi unavyozuia umeme kupita. Mita hii haiwezi kazi hiyo, na mnunuzi ni vyema ajue mapema. Kipimo chake cha chini kabisa cha omu huishia 200 na huonyesha desimali 1 tu. Ukigusanisha ncha zake mbili bila kitu kati yake, yangu husoma 0.4 au 0.5, nao ni ukinzani wa nyaya za mita na wa mguso wa ncha. Waya wangu wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, mita 10 kwenda na mita 10 kurudi, una takriban omu 0.23. Ni sawa na kupima punje ya mchele kwa mzani wa magunia.

Hata hivyo, mita hiyohiyo hupata jibu kwa njia nyingine, kwa kanuni ambayo Mjerumani Georg Simon Ohm aliichapisha mwaka 1827: volti zinazopotea katika waya ni sawa na mkondo (kiasi cha umeme unaopita ndani yake, kwa ampea) ukizidishwa kwa ukinzani wake. Niliweka ncha moja kwenye kichwa chanya cha betri na nyingine kwenye mwisho wa waya huohuo chanya kule kisimani, pampu ikiwa inafanya kazi. Kwa kuwa nyaya za mita hazifiki hata mita 1, niliunga waya mwembamba wa spika kurefusha upande mmoja. Waya huo mwembamba hauharibu kipimo kwa sababu, katika vipimo vya volti, mita yenyewe ina ukinzani wa takriban omu 1,000,000, hivyo mkondo unaopita ndani yake ni mdogo mno na omu 1 au 2 za waya wa spika hazionekani kabisa. Wengi wanaojaribu kazi hizi hawajui jambo hili, nao huhangaika kutafuta nyaya nene za kupimia pasipo haja.

Waya hasi ulisoma milivolti 580, yaani volti 0.58. Waya chanya ulisoma volti 1.52. Nyaya hizo zilikatwa kutoka rola moja, zina urefu mmoja na mkondo uleule wa ampea 5 unapita katika zote mbili. Zilipaswa kupoteza sawasawa. Nilianza kuusogeza mguso wa ncha hatua kwa hatua kwenye waya chanya hadi nilipofika kwenye kiungo nilichokifunga mwenyewe kwa kusokota na kuzungushia tepu nyeusi. Upande wa huku wa kiungo na upande wa kule zilitofautiana kwa milivolti 940. Tepu ilikuwa ya vuguvugu na gundi yake imeyeyuka ikatoka pembeni; nilipoibandua, shaba iliyokuwa nyekundu siku niliyoifunga ilikuwa imevaa ukoga wa kijani na weusi, kazi ya hewa ya chumvi ya pwani. Volti 0.94 kwa ampea 5 ni karibu wati 5 za joto katika kiungo chenye ukubwa wa kokwa ya ubuyu, mchana kutwa, ndani ya tepu.

Nilibadilisha waya wote kwa waya wa milimita 4 za mraba, bila kiungo katikati. Kabla ya kulipa niliukwangua kwa kisu mbele ya muuzaji, kwani zipo nyaya za alumini zilizopakwa shaba juu tu, na alumini ina ukinzani unaozidi wa shaba kwa zaidi ya nusu. Sasa pampu inapata volti 11.9. Kabla ya hapo karibu sehemu moja ya sita ya nguvu iliyotoka kwenye betri ilikuwa inapasha moto nyaya na kiungo kimoja kibovu, na mimi nilikuwa karibu kununua betri mpya.

Kuhusu usahihi, sina lawama. Niliilinganisha na mita ya bei kubwa ya fundi mmoja. Kwenye betri moja, wakati mmoja, yake ilisoma 12.58 na yangu 12.62. Karatasi inayokuja na mita za aina hii huahidi kosa lisilozidi asilimia 0.5 au zaidi kidogo kwa volti za betri, na yangu imo ndani ya ahadi hiyo. Lakini usahihi huo unategemea betri ya volti 9 iliyomo ndani. Inapochoka, mita haizimiki wala haififii mara moja: huanza kusoma juu kuliko ukweli. Wiki nzima niliamini kwamba betri yangu ya sola ilikuwa na volti 12.9 asubuhi na mapema, kabla jua halijaigusa paneli, jambo ambalo lingepaswa kunishtua, kwa kuwa betri ya risasi na asidi iliyojaa na kupumzika saa kadhaa husimama karibu na 12.7, na iliyofika nusu huwa karibu na 12.2. Alama ndogo ya betri ilikuwapo pembeni ya kioo, nami sikuitazama. Siku hizi nabadilisha betri ya ndani mara alama hiyo inapotokea, na huihesabu bei yake kuwa sehemu ya gharama ya mita.

Swali la pili nitakalolieleza aliniletea kijana wa jirani, akiwa ameibeba paneli yake ya wati 50 kichwani. "Shikamoo, mzee. Paneli hii fundi ameipima ina volti 20, lakini betri haijai hata nikiiacha siku nzima. Au betri ndiyo mbovu?" Fundi hakumdanganya. Paneli ya aina hiyo ina seli 36 zilizofuatana, na ikiwa haijafungwa kwenye kitu chochote hutoa volti zinazokaribia 21 au 22, hata penye mawingu, kwa sababu volti hazishuki sana mwanga unapopungua. Kinachoshuka sawia na mwanga ni mkondo, na ni mkondo unaoijaza betri. Kwa hiyo tulihamisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la ampea 10, tukaenda nayo kwake, tukairudisha paneli mahali pake juu ya bati, na saa 6 mchana tukaifunga mita moja kwa moja kwenye nyaya za paneli. Kwa paneli ndogo jambo hili ni salama, kwani paneli haiwezi kutoa mkondo zaidi ya ule iliyotengenezewa. Ya wati 50 hutoa takriban ampea 3. Yake ilitoa 0.4.

Tulipotazama juu, tuliona kivuli cha tawi la mwembe kimelala juu ya seli chache za pembeni. Seli zilizofuatana ni kama watu waliojipanga kupitishiana matofali kwenye ujenzi: mmoja akizembea, mwendo wa mstari wote unakuwa wake. Tawi lilikatwa, mita ikasoma 2.7 tukiwa tumesimama palepale. Kijana huyo sasa ana mita yake.

Tundu hilohilo la ampea 10 ndilo lililonipa hasara, na naomba mnunuzi asome sehemu hii kwa makini. Siku moja, baada ya kupima mkondo, nilisahau kurudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti, kisha nikagusa vichwa vya betri nikitaka kusoma volti. Ndani ya tundu la ampea kuna kipande cha waya mnene uliopindwa kama upinde, chenye ukinzani wa takriban omu 0.01, na pembeni yake pameandikwa wazi kwamba hakina fyuzi. Ilikuwa ni kupiga shoti betri nzima kupitia nyaya za mita. Cheche iliruka, ncha moja ikang'ata kwenye risasi ya kichwa cha betri, na plastiki ya waya ikalainika mkononi mwangu kabla sijaachia. Mita ilipona, nyaya zake hazikupona, nami nilitembea na lengelenge kidoleni. Tangu hapo, kila ninapomaliza kupima ampea, waya mwekundu huondoka kwenye tundu hilo kabla sijaweka mita chini.

Kosa kama hilo kwenye betri ya volti 12 linaunguza kidole. Kwenye umeme wa ukutani wa volti 230 linaweza kuua, na hapa ndipo ninapoikataa mita hii. Usoni ina kipimo cha volti 750 za umeme wa ukutani, lakini niliifungua screw zake 2 nikatazama ndani: fyuzi yake ni ya kioo chembamba, njia za shaba kwenye ubao zimekaribiana sana, na nyaya zake zina ngozi nyembamba. Fyuzi ya kioo inaweza kupasuka bila kuuzima mwali wa umeme mkubwa. Mita za kazi hiyo huwekewa fyuzi za kauri zilizojazwa mchanga na huandikwa daraja la usalama la CAT III kwa ajili ya nyaya za jengo. Herufi za CAT zilizochapwa kwenye gamba la mita ya bei hii mimi sizitegemei hata kidogo. Atakayetaka kupima soketi za nyumba akusanye fedha zaidi, au amwite fundi mwenye leseni.

Kuna mengine madogo. Kioo hakina taa, hivyo usiku unahitaji tochi. Yangu haina king'ora cha kuonyesha kwamba waya haujakatika, ingawa zipo zenye nacho na ningewashauri watu wachague hizo. Tundu la kupimia transista sijalitumia hata mara 1. Swichi ya duara, baada ya miaka 3, inahitaji kugeuzwa huku na huku mara mbili tatu ndipo namba zitulie, na hiyo ni kwa sababu miguso yake ni shaba inayokwaruza ubao. Kwa inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani) ya bei nafuu, ambayo mawimbi yake ni ya ngazi badala ya kuwa laini, usomaji wa volti haupaswi kuaminiwa, kwani mita hukisia kana kwamba mawimbi ni laini. Watu wamerudisha inveta nzima dukani kwa sababu ya namba hiyo.

Atakayeinunua aende dukani na betri mpya ya tochi ya volti 1.5. Aweke swichi kwenye omu 200, agusanishe ncha, aone namba iliyo chini ya 1 na isiyorukaruka anapotikisa nyaya kwenye maungio yake, maana hapo ndipo hukatika kwanza. Kisha aweke kwenye milivolti 2000 na kupima betri ya tochi; mpya itasoma kati ya 1500 na 1650. Mwisho amwombe muuzaji afungue kifuniko cha nyuma, wahakikishe kwamba fyuzi iliyomo ni fyuzi kweli. Mita moja niliyochunguza kabla ya hii yangu ilikuwa imewekewa kipande cha karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi, na muuzaji alikuwa anaiuza bei ileile.