Vidonge vya Kibofu Kinachokurupuka: Kipi Kinafaa Pesa Yako

Msuli wa kibofu hujibana neva zinapotoa asetilikolini, kemikali ya kupeleka ujumbe, nayo ikashika vipokezi vya M3, yaani sehemu za msuli zinazoupokea ujumbe huo. Kibofu kinachokurupuka hujibana hata kabla hakijajaa, na aliyekwama kwenye foleni ya Thika Road hana pa kukimbilia.

Oksibutinini, miligramu 5 mara mbili au tatu kwa siku, huziba vipokezi hivyo. Inafanya kazi, ila tezi za mate na matumbo navyo vina vipokezi vya jamii hiyo, kwa hiyo mdomo hukauka na choo kikawa kigumu. Hapo ndipo wengi hujiharibia: mdomo ukikauka wanaongeza chai, chai inawarudisha msalani, kisha wanalaumu dawa. Afadhali kusukutua maji au kutafuna chingamu isiyo na sukari. Dawa hii pia hupenya hadi kwenye ubongo na inaweza kumchanganya mzee. Mtu wa miaka 75 hatumshauri aanze nayo.

Solifenasini hufuata njia ileile kwa utulivu zaidi. Ni miligramu 5 mara moja kwa siku, na daktari anaweza kupandisha hadi 10. Hukaa mwilini muda mrefu; baada ya siku mbili karibu nusu yake bado imo. Kwa watu wengi hii ndiyo tungeanza nayo, mradi waipe wiki 4. Kuiacha wiki ya pili ni kutupa pesa.

Mirabegroni haigusi asetilikolini kabisa. Huamsha vipokezi vya aina nyingine, beta-3, msuli ukalegea wakati kibofu kinajaa, na mdomo haukauki sana. Anza na miligramu 25, kisha 50, ungoje hadi wiki 8. Huwa ghali, ndiyo maana watu hukikata kidonge ili kibebe siku mbili. Usikikate! Kimeundwa kuachia dawa polepole. Kikivunjwa, mpangilio huo umeharibika. Pima presha kabla na baada ya kuanza: ikifika 180/110 haifai. Anayemeza digoksini (dawa ya moyo) au metoprololi (dawa ya presha na moyo) amwambie mfamasia.

Kabla ya yote, pima mkojo na sukari, kwani maambukizi na kisukari huleta haraka ileile ya msalani. Mwenye glakoma ya pembe finyu (ugonjwa wa shinikizo ndani ya jicho) ambayo haijatibiwa, au ambaye mkojo humzibia, asiguse zile mbili za kwanza.