Kabla hujanunua dalali wa ujumbe, chomoa waya

Ijumaa moja ya masika umeme ulikatika hapa Mbeya saa nane mchana. Betri za UPS zikashika dakika chache, jenereta likagoma, seva zikazima. Saa tisa na nusu taa zote zilikuwa kijani, nami nikaenda zangu kula. Jumatatu asubuhi keshia wetu wa Tukuyu akapiga: "Dada, wateja wangu wa Ijumaa wanasomeka wana deni, na risiti wameshika mkononi."

Malipo yale yalitoka Tukuyu salama, yakafika kwa dalali wetu wa ujumbe, yakawa yanasubiri kwenye foleni yake mfumo wa bili uyachukue. Umeme uliporudi foleni ilikuwepo, jina lake lile lile, ndani tupu. Aliyetufungia mfumo aliiweka foleni idumu, lakini ujumbe wenyewe hakuuweka udumu. Sufuria ipo, ugali haupo. Kilichotuokoa ni kaunta buku. Yule keshia huandika kila malipo kwa kalamu, na watu wawili tulikaa siku mbili tukiyaingiza upya.

Kwa asiyejua, dalali ninayemsema ni programu inayokaa katikati ya mifumo ya taasisi: bili, malipo, mita, ghala, utumishi. Kila mfumo unamwachia ujumbe na kuendelea na kazi, mwenzake atauchukua akiwa tayari. Tofauti na dalali wa nyumba wa Mwanjelwa, huyu hadai kodi ya mwezi mmoja. (Mkiwa taasisi ya umma, kuongea na taasisi nyingine kuna njia yake, GovESB, mfumo wa kubadilishana taarifa wa e-GA, Mamlaka ya Serikali Mtandao. Mimi nasema habari za ndani ya nyumba.)

Wauzaji watakuimbia kasi, mamilioni ya ujumbe kwa sekunde. Matawi yetu ya Kyela, Chunya na Rujewa kwa pamoja hayafiki huko hata siku ya mwisho wa mwezi. Uliza hivi tu: mtumaji anapoambiwa "umefika", ujumbe uko kwenye diski au bado unaelea kwenye RAM, kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika?

Kwangu mimi namba moja ni RabbitMQ, na sifichi kwamba naipenda. Ipo tangu 2007, haina ada ya leseni, na ukurasa wake wa usimamizi unakuonyesha foleni zote kwa macho. Ila usitumie foleni zake za kawaida ukalala usingizi, kwa sababu huko mtumaji asipoweka alama ya kudumu kwenye kila ujumbe, seva ikizimika ndiyo kwaheri. Chukua foleni za aina ya kworamu, zilizoingia toleo la 3.8 mwaka 2019. Hizi huandika kila ujumbe kwenye diski, mtumaji akumbuke asikumbuke, na nakala hukaa kwenye seva zaidi ya moja. Zinataka seva tatu ili moja ikifa, zinazobaki ziwe bado ndiyo nyingi na kazi iendelee. Halafu washa uthibitisho kwa mtumaji, yaani dalali amjibu kwamba ujumbe ameupokea, maana haujiwashi. Kutuma bila uthibitisho ni kumkabidhi kondakta gunia la mchele wa Kyela bila risiti.

Kuna mtego mmoja. Kuanzia toleo la 4.0, ujumbe wa foleni hizi ukirudishwa zaidi ya mara 20 bila kupokewa vizuri hutolewa kwenye foleni, na kama hukutenga foleni ya kuweka mizigo iliyokwama, unatupwa. Tenga hiyo foleni siku ya kwanza.

Ya pili ni IBM MQ, mzee wa kazi tangu 1993. Kwa matawi yenye mtandao wa kubabaisha sijaona wa kumfikia, kwani hutunza ujumbe upande wa mtumaji mpaka njia ipatikane. Hata yeye, foleni mpya usipoigusa, ujumbe hautunzwi seva ikizimwa. Mpangilio wa kuutunza unaitwa DEFPSIST na huanza ukiwa NO. Na kiunganishi cha seva na seva kikishindwa kuunganisha mara kumi, hujaribu tena kila baada ya dakika 20, kwa hiyo msishangae mtandao umerudi Rujewa na bado kimya.

Kinachoniudhi ni bei. Leseni huhesabiwa kwa viini vya prosesa, na ukiomba bei unaambiwa "tutakuja kukutembelea". Wanapanda ndege hadi Songwe kuja kukuonyesha picha za mawingu na mishale, bei hawana. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kupanga bei za ndani kwa fedha za kigeni, basi mmoja akaniletea shilingi zenye nyota pembeni: "kwa kiwango cha siku". Mwingine alitaka kunitoza leseni ya programu ambayo naipakua bure.

Kafka naiweka ya tatu, na najua vijana watanuna. Ni nzuri kwa takwimu nyingi za mita. Lakini kwa mpangilio wake wa mwanzo hutunza ujumbe siku saba tu, umesomwa haujasomwa, na tawi letu la Makete liliwahi kukaa siku tisa bila mtandao. Tena haisubiri diski, inategemea nakala kwenye seva nyingine. Kama seva zako zote tatu ziko chumba kimoja na jenereta moja, umeelewa.

ActiveMQ Artemis inafaa kama mifumo yenu ni ya Java. Redis ya kupaza sauti (pub/sub) na NATS isiyo na JetStream, sehemu yake ya kutunza ujumbe, asiyekuwepo wakati wa tangazo hapati kitu. Za malipo hizo hapana.

Juzi muuzaji alikuja na kompyuta mpakato ya maonyesho. Nikamwambia aweke ujumbe mia, nichomoe betri na waya, kisha tuwashe na kuhesabu. Akacheka kidogo, akasema, "Dada, programu haipimwi hivyo." Nikamwambia umeme wa Mbeya ndivyo unavyopima.