Programu ya kukunjua koni za bati: ipi inastahili pesa yako

Tangu niandike kuhusu mashine za kukata bati kwa plazma, malalamiko yanayonifikia kutoka Katwe na Ndeeba, mitaa ya mafundi wa Kampala, yanafanana. Fundi amechora hopa ya kinu cha posho, ile koni ya bati inayomiminia nafaka, kwenye kompyuta, programu imemkunjulia koni iwe bati bapa, faili la DXF (la mchoro unaosomwa na mashine) limepelekwa kukatwa, na bati limerudi na ukingo wenye meno meno. Anashinda akisaga kwa grainda. Yeye analaumu mashine, mwenye mashine analaumu umeme. Baadhi ya mafaili hayo nimeyafungua, na mashine haina kosa. Tao halikuwa tao, lilikuwa vijistari vingi vilivyonyooka, vimeunganishwa ncha kwa ncha.

Kwa hiyo leo sizungumzii wepesi wa kujifunza wala picha nzuri. Nazungumzia tao tu, kwa sababu wauzaji hawaligusi.

Koni iliyokatwa kichwa ikikunjuliwa ina mistari minne basi: tao kubwa, tao dogo, na mistari miwili ya mshono. Programu inayotoa zaidi ya hapo imekisia. Mashine ikifika kwenye kila kiungo inapunguza mwendo, moto unakaa pale pale, chuma kinayeyuka na kuganda chini ya bati. Na fundi anayechora kwa mkono hana nusu kipenyo cha kushika, maana vijistari havina kitovu.

Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji achore hii mbele yako: kipenyo cha juu milimita 600, cha chini 200, kimo 400, vyote vikipimwa katikati ya unene wa bati. Asafirishe DXF, kisha uifungue kwenye LibreCAD, ambayo ni bure. Bonyeza ukingo wa nje. Lazima iseme ni tao lenye nusu kipenyo 670.8, la ndani 223.6, na pembe ya digrii 161, ukiondoa mwanya mdogo wa mshono. Ikikwambia ni splaini (mkunjo wa kukisia usio na nusu kipenyo kimoja) au mlolongo wa mistari, funga pochi.

Nimetaja katikati ya unene kwa makusudi. Kwa bati la milimita 3, ukichukua kipenyo cha nje kana kwamba ndicho cha katikati, mzingo wa juu wa koni hii unazidi kwa takriban milimita 8, na hopa haikai kwenye fremu yake.

Ninayoipenda ni SolidWorks, na sifichi. Chora koni kama kitu kigumu chenye mwanya mwembamba ulionyooka kutoka juu hadi chini, halafu tumia Insert Bends na uchague ukingo ulionyooka wa mwanya huo. Inakunjuka kwa matao halisi. Ila usikimbilie Lofted Bends kwa koni ya kawaida: hiyo ni ya maumbo yanayotoka mraba kwenda duara, na kingo zake mara nyingi hutoka zikiwa splaini. Wanaoitukana SolidWorks wengi wamepitia mlango huo. Ipo pia ya bei ndogo, ya Makers, lakini hiyo ni ya wasiofanya biashara, na faida yake hairuhusiwi kuzidi dola 2,000 kwa mwaka. Karakana inayouza hopa haimo.

Ya pili ni Inventor. Lofted Flange yake inakuuliza jambo ambalo fundi yeyote angeuliza: bati linafinyangwa liwe laini (Die Formed) au linakunjwa kwa mistari kwenye mashine ya kukunja (Press Brake)? Ukichagua la pili, inagawa koni kwa nyuso bapa na unaamua mwenyewe ziwe pana kiasi gani. Hilo nalisifu. Angalia tu thamani ya K, inayosema mstari usiovutika uko wapi ndani ya unene wa bati: inakuja ikiwa 0.44. Kwa bati linaloviringishwa taratibu weka 0.5.

Onshape ingeshindana na hizo mbili, kwani aliyeianzisha, Jon Hirschtick, ndiye aliyeanzisha SolidWorks mwaka 1993. Bati lililokunjwa na lililonyooshwa unayaona pamoja, ukibadilisha moja na jingine linabadilika. Lakini inaishi kwenye intaneti, na hapa Uganda tangu 2021 tunalipa ushuru wa asilimia 12 juu ya data. Mtandao ukikatika, kazi imesimama. Toleo la bure linaanika michoro yako hadharani na haliruhusu biashara.

Fusion ya bure pia si ya karakana: mapato yasizidi dola 1,000 kwa mwaka. Iliyolipiwa inatosha kwa masanduku na mabomba. FreeCAD ni ya bure kweli na ya biashara pia, lakini chombo chake cha mabati kimetengenezwa kwa mikunjo ya pembe. Ukiwa na FreeCAD, piga hesabu ya koni mwenyewe na uchore matao mawili.

Sasa bei. Waulize wauzaji wa Kampala programu ni shilingi ngapi: utaambiwa uache namba, utapigiwa. Unapigiwa, unatajiwa dola. Autodesk, wenye Inventor na Fusion, waliacha kuuza leseni za kudumu mwaka 2016, kwa hiyo Inventor unaikodi milele, na mwezi ambao hopa hazikuuzika kodi haikusubiri. Halafu kuna vijana wanaokuwekea programu ya wizi, iliyovunjwa kufuli, kwa bei ya chakula cha mchana, bila kukwambia kwamba siku ikigoma mchoro wa mteja uko ndani, na wao simu hawapokei. Fundi anayetengenezea hopa vinu vya Kisenyi, mtaa wa kusaga nafaka Kampala, anastahili bei iliyoandikwa, kwa shilingi, pamoja na mtu wa kumwonyesha kukunjua koni kabla pesa haijatoka mfukoni. Muuzaji akikataa kufanya jaribio la 670.8, nenda kwa mwingine.