Wiki 8 za kujitolea kijijini Pangani: tathmini ya huduma niliyoilipia

Tathmini hii inahusu huduma ya kuwapeleka watu wa kujitolea vijijini, inayotolewa na shirika dogo lenye ofisi jijini Tanga. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa baadhi ya ninayoyaeleza yanahusu fedha na mazungumzo yetu hayajakwisha. Nililipa shilingi 480,000 kwa wiki 8 katika kijiji cha pwani wilayani Pangani, malipo yaliyojumuisha chakula na malazi nyumbani kwa mwenyeji, nauli ya kwenda na kurudi, pamoja na semina ya siku moja ambayo kwa mtu aliyezaliwa Tanga haikuwa na jipya.

Mimi ni mhasibu, na katika fomu ya maombi niliandika kwamba ningependa kuwafundisha akina mama wakulima wa mwani utunzaji wa hesabu za kikundi chao. Shirika lilikubali kwa sharti moja: wiki 2 za kwanza nisifundishe lolote, bali nimfuate mwenyeji wangu katika kila kazi. Sharti hilo lilinikera, nikaona muda wangu unapotea. Leo nasema bila kusita kwamba hilo ndilo jambo bora kuliko yote katika huduma hii, na kama shirika likiliondoa, sitampendekezea mtu yeyote.

Mwani hauna saa ya ofisini. Kazi ya shambani hufanyika wakati wa bamvua, mara mbili kwa mwezi, maji yanapokupwa hadi mbali, na kwa kuwa saa ya maji husogea mbele kila siku kwa takriban dakika 50, ratiba ya leo haifai kesho. Nilijifunza kufunga vipande vya mbegu kwenye kamba zilizotandazwa baina ya vigingi, na nikaelewa kwa nini mwenyeji wangu aliuanika mwani wake juu ya chanja, kwani ukianikwa mchangani hubeba uchafu na mnunuzi huushusha bei. Nilielewa pia hasara. Maji ya kina kifupi yanapopata joto sana, mwani hupauka na kukatika, hasa aina ya kotonii ambayo bei yake ni nzuri zaidi, na mama aliyekosa chombo cha kumfikisha kwenye kina kirefu hana pa kuuhamishia. Kutoka kufunga mbegu hadi kuvuna ni takriban wiki 6. Ndiyo maana nashauri asiyekuwa na wiki 8 asichukue safari fupi ya wiki 3 ambayo shirika hilo pia linaiuza, kwa sababu ataondoka kabla ya kuiona kazi aliyoianza ikifika chanjani.

Wiki ya tatu nilitoa daftari langu kubwa, nililolipigia mistari kwa uangalifu, katika kikao cha kikundi chao cha kuweka na kukopa. Mwenyeji wangu alilitazama kwa muda, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hilo atalisoma nani?" Katika kikundi hicho fedha hukaa ndani ya kasha lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na wanawake watatu wasioishi nyumba moja. Kila hisa inaponunuliwa hugongwa muhuri katika kitabu cha mwanachama, ili hata asiyejua kusoma aihesabu mihuri yake mwenyewe. Kikao kinapofungwa, salio hutajwa kwa sauti na wote hulihifadhi kichwani, na kikao kinachofuata hufunguliwa kwa kulitaja tena kabla ya kasha kufunguliwa. Daftari langu lingewaachia hesabu wanawake wawili tu waliokuwa wakisoma vizuri, na wengine wote wangepoteza haki ya kuhakiki. Nililikunja. Kwa wiki zilizobaki niliombwa kazi nyingine: kuwasaidia kukokotoa gharama ya kamba na vigingi kwa kila kilo ya mwani mkavu, kabla hawajakaa na mnunuzi. Hiyo waliihitaji, na waliniomba wenyewe.

Badiliko lililonipata si la hisia tu. Nimerudi kazini, na taarifa ya makato ya mishahara ninayoiandaa kila mwezi sasa naiandika kwa namna ambayo mlinzi na mhudumu wa chai wanaweza kuihakiki bila kuniuliza. Kwa miaka yote niliyofanya kazi hiyo sikuwahi kufikiri kwamba nawajibika kwao.

Neno moja kuhusu msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya wanakijiji, ambao sisi wa mkoa huu tumekua nao. Nilishiriki siku mbili za kufyeka njia ya shule, na niliona kwamba kijiji kilinipokea kupitia kazi hiyo kuliko kupitia barua ya shirika. Tangu hapo sikuitwa tena mgeni wa mradi, nikaalikwa kula bada, yaani ugali wa muhogo, na mchuzi wa papa katika nyumba ambazo awali zilikuwa zikiniamkia kwa mbali tu.

Kasoro zipo, na kubwa ni ya fedha. Kati ya shilingi 480,000 nilizolipa, mwenyeji wangu alipokea 240,000, na hakuwahi kuambiwa mimi nimelipa ngapi. Alishtuka nilipomweleza, nami niliona aibu. Kasoro ya pili ni kwamba nilipoondoka hakuna aliyeniuliza nimefikia wapi. Aliyenifuata alifika na somo lake la hesabu mkononi, na kina mama wakalazimika kueleza upya habari ya kasha na mihuri. Viatu vya mpira pia havitajwi popote katika maelekezo, ilhali mawe ya ufukweni hukata miguu na samaki aina ya taa hujificha mchangani.

Kwa wageni kutoka nje ya nchi, kujitolea huhitaji kibali cha ukaazi cha daraja C, na wawili niliosafiri nao walisema shirika liliwasaidia vizuri katika hilo.

Nimeliandikia shirika kuomba mgao wa mwenyeji uandikwe ndani ya mkataba, mwenyeji na mgeni wausaini pamoja. Nimejibiwa kwamba ombi litajadiliwa. Anayetaka kwenda kabla ya hapo aombe mgao huo kwa maandishi kwanza, ndipo alipe.